Kitenzi cha Kiingereza "exemplify": kilikotoka, kinachomaanisha na mahali kinapokataa kutumika

#1 Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salamu. Kazi yangu ni kuhariri na kutafsiri maandishi kati ya Kiingereza na Kiswahili, na katika kazi hiyo ni vitenzi vichache vinavyonilazimu kurudisha rasimu kwa mwandishi kama "exemplify". Wengi hukichukua kuwa ni namna ya kifahari ya kusema "kutoa mfano", wakakipachika popote ambapo wangeandika "for example", na sentensi ikatoka imepinda. Naomba tukijadili kitenzi hiki peke yake, kuanzia asili hadi matumizi, kwa sababu naamini kwamba anayejua kilikotoka hana haja kubwa ya kukariri kanuni zake.

Mzizi wake ni neno la Kilatini "exemplum", ambalo nalo limetokana na kitenzi "eximere". Ndani ya kitenzi hicho mna "ex", yaani kutoka ndani, na "emere", ambacho katika Kilatini tunachokifahamu vitabuni ni kununua, lakini maana yake ya kale zaidi ilikuwa kuchukua. Kwa hiyo "exemplum" ni kitu kilichochomolewa kutoka katika vingine vya aina yake ili kionyeshe hivyo vingine vikoje. Kipande cha mwisho, "-ify", kinatokana na "facere", kufanya. Kilatini cha Zama za Kati kiliviunganisha vipande hivyo kikapata "exemplificare", Kifaransa kikakipokea, na mwanzoni mwa karne ya 15 tunakikuta katika maandishi ya Kiingereza.

Ukoo wa "emere" ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Humo mna "exempt", yule aliyetolewa katika wajibu. Mna "redeem", kukomboa, na "ransom", fidia ya mateka, ambalo ni "redemption" lililopita midomoni mwa Wafaransa likakatwa katikati. Mna "premium" na "prompt". Hata "vintage" ya wauza mvinyo ni ndugu yao, kwa kuwa ilianza kama neno la kuchuma zabibu. Nasi tunaye ndugu mmoja wa ukoo huo katika Kiswahili: "sampuli". Tulilipata kutoka "sample" ya Kiingereza, ambalo ni "example" lililopoteza silabi yake ya kwanza.

Sasa tazameni upande wetu. "Mfano" umetokana na kufana, kwa maana ya kushabihi, na ni ndugu wa "kufanana". "Mathalani", "methali" na "mithili" vimetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu ambao nao unahusu kushabihiana. Msemaji wa Kiswahili anapotoa mfano anatafuta kinachofanana na jambo. Mrumi alichomoa kilichokuwamo ndani ya jambo. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ndiyo chanzo cha makosa mengi ninayoyasahihisha.

Kitenzi chenyewe kina pande mbili. Katika upande wa kwanza mtenda ni kitu au mtu ambaye mwenyewe ndiye mfano: "The old houses of Lamu exemplify Swahili building in coral stone", kwamba nyumba za kale za Lamu ni mfano wa ujenzi wa Waswahili wa mawe ya matumbawe. Hapo hakuna mtu anayezungumza. Nyumba zimesimama tu, na kusimama kwake kunatosha. Katika upande wa pili mtenda ni msemaji anayetafutia hoja yake mifano: "She exemplified her argument with three court cases". Pande zote mbili ni sahihi, ingawa ule wa kwanza ndio unaotawala katika maandishi ya leo, na wa pili umebaki zaidi kwa wanazuoni.

Jambo ambalo pande zote mbili zinashirikiana ni yambwa, yaani kile kinachopokea tendo la kitenzi. Yambwa ya "exemplify" ni jambo la jumla: aina, kanuni, sifa, tabia, hoja. Haiwi mfano wenyewe. Mtu anayeandika "The author exemplified Lamu and Kilwa", akikusudia kwamba mwandishi alitoa mfano wa Lamu na Kilwa, amegeuza mambo juu chini. Kwa Kiingereza anasema kwamba Lamu na Kilwa ni kanuni fulani ambazo mwandishi amezitafutia mifano. Alipaswa kuandika "cited Lamu and Kilwa as examples".

Naliona kosa hili kwa watu waliosoma sana, na sababu yake, kwa maoni yangu, imo katika Kiswahili chetu. Sisi tunasema "toa mfano wa mji wa kale", ambapo mji wa kale ndiyo aina, na papo hapo tunasema "alitoa mfano wa Lamu", ambapo Lamu ndiyo mfano. Kiunganishi "wa" kinakubali yote mawili na hatupati taabu, kwa kuwa msikilizaji anaijua Lamu. Kitenzi cha Kiingereza kimeshika njia moja tu. Karibuni.

#2 Mwanafunzi wa mwaka wa pili

Ahsante sana kwa uzi huu, mkuu. Nina maswali mawili mafupi. La kwanza: kama jina ni "example", kwa nini kitenzi si "examplify"? Karibu nusu ya darasa letu tunaandika hivyo. La pili: nimewahi kuona programu ya kompyuta ya kufanyia mitihani inayoitwa Examplify, kwa herufi hizo hizo. Je, nao wamekosea?

#3 Mwanzisha uzi

Nianze na la pili kwa kuwa ni jepesi. Jina hilo la programu ni mchezo wa maneno: wamechukua "exam", mtihani, wakaiunganisha na mkia wa vitenzi. Mwenye bidhaa ana haki ya kuibatiza atakavyo, lakini jina la bidhaa haliwezi kuwa ushahidi wa tahajia.

La kwanza lina historia nzuri. Kilatini kilikuwa na herufi "e" katikati: "exemplum". Katika Kifaransa cha kale irabu hiyo, ilipofuatwa na sauti ya puani, ilianza kutamkwa kama "a" ya puani, na neno likaandikwa "essample". Waingereza walilipata neno kwa njia hiyo ya mdomo, ndiyo maana "example" na "sample" zina "a" hadi leo. Kitenzi "exemplify" hakikupita sokoni. Kilipita kwa makarani na wasomi waliokuwa na Kilatini mbele yao, kikabaki na "e" yake. Wafaransa wenyewe baadaye walirejesha herufi ya Kilatini na sasa wanaandika "exemple". Kwa hiyo kumbuka hivi: jina lilisafiri kwa midomo ya watu, kitenzi kilisafiri kwa kalamu. Vivyo hivyo "exemplary", "exemplar" na "exemplification" vyote vina "e".

#4 Mwandishi wa ripoti

Mimi nitakuwa mpinzani kidogo, kwa heshima zote. Ninaandika ripoti za miradi, na kwa uzoefu wangu kitenzi hiki ni pambo. Kila mradi "exemplifies best practice", kila kiongozi "exemplifies integrity", na ukimwuliza mwandishi ni kitu gani hasa kilichofanyika, hana jibu. Kuna ubaya gani kuandika "shows" au "is an example of" na kuendelea na safari? Asili ya Kilatini ni tamu kusimuliwa, lakini msomaji wa ripoti hahitaji kujua Warumi walichomoa nini.

#5 Mpenda falsafa

Ndugu mwandishi wa ripoti, malalamiko yako juu ya matumizi mabaya ni ya haki kabisa, ila hitimisho silikubali. "Shows" ni pana mno. Moshi unaonyesha kwamba kuna moto, lakini moshi si mfano wa moto. Kipimajoto kinaonyesha homa, na kipimajoto chenyewe hakina homa. "Exemplify" kinadai zaidi: kinachotolewa kuwa mfano lazima kiwe na sifa ile ndani yake.

Mwanafalsafa wa Marekani Nelson Goodman aliliweka jambo hili wazi katika kitabu chake cha 1968 kuhusu lugha za sanaa. Alichukua daftari la fundi nguo, lile lenye vipande vidogo vya vitambaa ambavyo mteja hupapasa kabla ya kuagiza. Kipande kile, alisema, ni mfano wa rangi ya kitambaa, wa ufumaji wake, wa mguso wake na wa michoro yake. Lakini kipande hicho hicho kina ukubwa wake na umbo lake, kimekatwa leo au jana, na wala si mfano wa hayo. Kwa hiyo kuwa na sifa hakutoshi. Kitu kiwe na sifa na pia kiirejelee sifa hiyo, kwa mazoea ya watu wanaokitumia. Hayo mawili yakikutana ndipo tunapata kile alichokiita "exemplification".

Katika kitabu kingine, cha 1978, alisimulia kisa cha kubuni cha bibi mmoja aliyechagua kitambaa cha kufunikia makochi yake kutoka katika daftari la namna hiyo, akamsisitizia mwenye duka kwamba anataka kitu kile kile kama sampuli. Mzigo ulipofika na kufunguliwa, yakadondoka sakafuni mamia ya vipande vya inchi 2 kwa 3, vyenye kingo za msumeno, kila kimoja sawasawa na sampuli. Mwenye duka alikuwa ametii agizo neno kwa neno. Ukikielewa kisa hiki umeelewa kwa nini sentensi "This project exemplifies good practice" haina maana hadi mwandishi aseme ni sifa ipi ya mradi inayorejelewa. Tatizo la ripoti zako ni kwamba zinapeleka sampuli bila kusema ni sampuli ya nini.

#6 Fundi cherehani

Nimefuatilia kimya, ila hapo kwenye vitambaa naomba niseme. Mteja akija na kipande na kusema anataka kitambaa kama hiki, swali la kwanza la fundi mwangalifu ni: kipande hiki kimekatwa kwenye jora gani? Kiwanda kile kile, namba ile ile ya rangi, lakini majora mawili yaliyotiwa rangi siku tofauti hupishana. Ukikaa nayo kivulini hutaona. Ukiyatoa juani, na hasa ukishona paneli mbili za pazia zikakaa bega kwa bega, utaona moja limeelekea kijani kidogo na jingine limeelekea kijivu. Kipande kinasema kweli juu ya jora lililokizaa. Juu ya jora jingine kinabahatisha.

#7 Mwanzisha uzi

Fundi, umetupa kile ambacho kamusi nyingi hazitupi. Hiyo ndiyo "eximere" ya Warumi bila chumvi: mfano ni halali kwa jora ambalo umekatwa humo. Nyongeza yangu kwa mwandishi wa ripoti ni fupi. Nikikutana na "exemplifies" katika rasimu, hujiuliza kama kuna jora, yaani aina inayotajwa kwa jina, na kama kilichotajwa kimetoka humo. Kama majibu yote mawili ni ndiyo, nakiacha. Kama hakuna jora, nakifuta na kuweka kitenzi chepesi, na hapo mimi na wewe hatuna ugomvi.

#8 Wakili

Kuna maana moja ambayo uzi huu haujaigusa, na kwa sisi wa mahakamani ndiyo ya kwanza. Katika sheria, "to exemplify" ni kutoa nakala ya kumbukumbu rasmi iliyothibitishwa kwa muhuri. Msije mkadhani ni maana ya pembeni iliyozuka baadaye. Warumi wenyewe walitumia "exemplum" kwa nakala ya barua. Cicero, katika barua zake kwa rafiki yake Atticus, anazungumzia nakala alizoambatisha kwa neno hilo hilo. Samuel Johnson, katika kamusi yake kubwa ya Kiingereza ya 1755, alikipa kitenzi hiki maana ya kueleza kwa mfano na pia maana ya kunakili.

Maana hiyo ingali hai nchini Marekani. Katiba yao, katika ibara ya 4, inataka kila jimbo liziheshimu kumbukumbu na hukumu za majimbo mengine, na mwaka 1790 Bunge lao lilipitisha sheria ya kueleza kumbukumbu hizo zithibitishweje: karani wa mahakama athibitishe nakala, muhuri wa mahakama uwekwe kama upo, kisha jaji atoe cheti kwamba uthibitisho wa karani umefuata taratibu. Nakala iliyopita hatua hizo ndiyo inayoitwa "exemplified copy", na katika mahakama za New York mara nyingi karani hutia saini tena kuithibitisha saini ya jaji, na hivyo saini hufika tatu. Ndugu zetu wanaoishi kule hukutana na neno hili wanapofuatilia talaka au mirathi ambayo karatasi zake zinatakiwa katika jimbo jingine au nje ya nchi. Nimeona mtu akipeleka nakala ya kawaida yenye muhuri mmoja, ile inayoitwa "certified copy", akarudishwa mlangoni, kwa sababu aliyeiomba alikuwa ameandika "exemplified" na alimaanisha hivyo hasa.

Kuna jambo la pili. Kivumishi "exemplary" huwachanganya wanafunzi wa sheria, kwa kuwa nje ya mahakama kinasifu: mwanafunzi wa mfano, mtumishi wa mfano. Ndani ya mahakama, "exemplary damages" ni fidia inayotozwa ili kumwadhibu mdaiwa na kuwatisha wengine, juu ya ile inayomfidia mdai hasara yake. Kesi inayotajwa kila mara ni ya Uingereza, Rookes dhidi ya Barnard ya 1964, ambapo jaji Lord Devlin aliibana fidia hiyo katika mafungu machache, mojawapo likiwa ni watumishi wa serikali wanapotenda kwa uonevu au kinyume cha katiba. Mahakama za Kenya zimeirejelea kesi hiyo mara nyingi. Nayo maana hii ni ya kale: Julius Caesar, akieleza ukatili wa mfalme Ariovistus dhidi ya Wagalia, aliweka "exempla" na mateso katika pumzi moja. Hakimu wetu anaposema adhabu hii "iwe fundisho kwa wengine", ametamka wazo lile lile la Kirumi kwa Kiswahili safi.

#9 Mwalimu wa sekondari

Nashukuru, wakili. Mimi narudi darasani, kwa kuwa huko ndiko wanafunzi wanakopoteza alama. Wengi hawatofautishi "illustrate" na "exemplify". Cha kwanza kinatokana na Kilatini cha kuangazia, kutia nuru, na picha za vitabuni ziliitwa "illustrations" kwa kuwa zinaangaza maandishi. Kinachoangaza si lazima kiwe cha aina moja na kinachoangazwa. Ngano ya fisi aliyefuata njia mbili akapasuka msamba inaweza "illustrate" tamaa ya mtawala, yaani kutuonyesha tamaa hiyo ikoje. Haiwezi "exemplify" watawala, kwa sababu fisi si mtawala. Ukitaka "exemplify", mlete mtawala mwenyewe, mwenye jina na mwaka.

Kwa kuwa Lamu imetajwa, nitaitumia. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na kimojawapo cha vigezo vilivyotumika ni cha nne, ambacho kinataka mahali pawe mfano bora wa aina ya majengo au mandhari, mfano ambao unaangazia hatua muhimu katika historia ya binadamu. Katika Kiingereza cha kigezo hicho, "example" na "illustrates" yamekaa katika sentensi moja, na hayarudiani. Mji ni mfano wa aina ya ujenzi kwa sababu wenyewe ni wa aina hiyo. Mji si hatua ya historia, bali unaiangazia hatua hiyo. Waliokiandika walijua wanachofanya.

Nitaje na vitenzi vingine viwili vinavyokaa jirani. "Epitomize" kinatokana na neno la Kigiriki la kukata na kufupisha, na "epitome" kwa karne nyingi ilikuwa ni muhtasari wa kitabu kirefu. Kinachofanya kazi hiyo kimebeba jambo zima kwa ufupi, kwa hiyo hakizoei kuwa na wenzake: watu kumi wanaweza "exemplify" ukarimu, lakini ukisema mtu "epitomizes" ukarimu umemweka juu yao wote. "Typify" kimetoka katika neno la Kigiriki la alama iliyogongwa, kama ya muhuri au sarafu. Wanateolojia walikitumia kueleza jinsi watu na matukio ya Agano la Kale yalivyomtangulia Kristo kama kivuli, na leo kinataja kilicho cha kawaida katika aina yake, bila sifa wala lawama. Wanafunzi wangu wa kompyuta wana "instantiate" yao, na nimewaachia.

#10 Mwanafunzi wa mwaka wa pili

Mwalimu, nimeelewa tofauti ya fisi na mtawala na nadhani sitaisahau. Naomba kuuliza: kwa nini Waingereza hawakutumia tu "to example" kama kitenzi? Je, na kifupisho "e.g." kinahusika na ukoo huu?

#11 Mwanzisha uzi

Walikitumia. Katika tamthilia ya Timon of Athens, Shakespeare anamfanya Timon awaambie wezi "I'll example you with thievery", kisha anawapangia mifano: jua ni mwizi kwa kuwa linaipora bahari, mwezi ni mwizi kwa kuwa unaliibia jua mwanga wake. Ni mojawapo ya mistari ninayoipenda, na tazama jinsi yambwa ilivyo tofauti na ya kitenzi chetu: Timon anawa-"example" watu, yaani anawapa mifano. Kitenzi hicho kilififia, na "exemplify" kikabaki peke yake uwanjani.

Kabla ya hapo neno lililotamba lilikuwa "ensample". Wahubiri wa Zama za Kati walikuwa na hazina za visa vifupi vya kupambia mahubiri, vilivyoitwa kwa Kilatini "exempla". Jacques de Vitry, aliyefariki mwaka 1240, ni miongoni mwa waliovitumia kwa wingi. Mshairi wa Kiingereza Chaucer, aliyeandika The Canterbury Tales mwishoni mwa karne ya 14, aliwajua wahubiri hao vizuri mno. Mwuza-misamaha wake, yaani mhusika anayewauzia watu misamaha ya dhambi, anajigamba kwamba huwasimulia watu "ensamples" nyingi za hadithi za kale, kwa kuwa wajinga hupenda hadithi hizo, na huku mkono wake uko mfukoni mwao. Katika kitabu hicho hicho yumo padri maskini wa kijijini ambaye aliwapa kondoo wake "ensample" nzuri: kwanza alitenda, kisha ndipo akafundisha. Mnaona zile pande mbili nilizozitaja mwanzoni? Mwuza-misamaha anatoa mifano; padri mwenyewe ndiye mfano. Chaucer alizitenganisha kabla kitenzi chenyewe hakijazoeleka. Neno hilo la zamani bado limo katika Biblia ya Kiingereza ya 1611, pale waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 5, unapowataka wazee wa kanisa wawe "ensamples" kwa kundi.

Kuhusu "e.g.", ndiyo, ni ukoo huo huo: "exempli gratia", kwa ajili ya mfano. Ni sawa na "k.m." yetu. Usiichanganye na "i.e.", ambayo ni "id est", na Kiswahili kina neno lake zuri la "yaani". Tena ukishaandika "e.g." usimalizie orodha kwa "etc.", kwa sababu msomaji ameshaambiwa kwamba anapewa baadhi tu. Kosa hilo tunalo hata sisi tunapoandika "kwa mfano" mwanzoni na "n.k." mwishoni.

#12 Mwandishi wa ripoti

Nimekubali sehemu kubwa, hasa lile la jora. Limebaki swali la kazi: mnakitafsirije? Kila nikikuta "exemplifies" naandika "inatoa mfano wa", na mhariri wangu hunirudishia bila maelezo.

#13 Mwanzisha uzi

Mhariri wako yuko sahihi, ingawa angeweza kueleza. "Inatoa mfano wa" inafaa upande wa pili tu, pale ambapo mtenda ni msemaji: "Mwandishi ametoa mifano ya hoja yake kutoka katika kesi tatu." Katika upande wa kwanza kitu hakitoi mfano, chenyewe ndicho mfano. Kwa hiyo zile nyumba za Lamu "ni mfano wa ujenzi wa Waswahili wa mawe ya matumbawe", na kama unataka uzito zaidi, "ni kielelezo cha ujenzi" huo. Tafsiri haihitaji kitenzi kwa sababu tu Kiingereza kina kitenzi. "Ni" yetu inabeba mzigo huo bila kulalamika. Pale ambapo mtu anasifiwa kwa mwenendo, "amekuwa mfano wa uadilifu" inatosha, na kama mwenendo ndio unaotajwa, "umedhihirisha uadilifu" nayo inakaa vizuri. "Kuakisi" siipendi katika nafasi hii, kwa kuwa kioo huakisi kilicho nje yake, na tumeshakubaliana kwamba mfano hutoka ndani.

Umbo linalojitokeza zaidi katika ripoti ni "as exemplified by". Hilo usilifuatishe neno kwa neno ukapata "kama ilivyotolewa mfano na", ambayo hakuna Mswahili anayeisema. Andika "kama inavyoonekana katika", kisha taja kitu chenyewe. Na kama sentensi ni ndefu, ikate: sema jambo la jumla, weka nukta, kisha anza upya na "Mfano mmoja ni".

Kwa nyaraka za mahakama, andika "nakala iliyothibitishwa na karani na jaji kwa muhuri wa mahakama". Ni ndefu, lakini kila neno lina kazi yake. Ukiandika "nakala ya mfano", karani atadhani umemletea fomu ya kuonyeshea namna ya kujaza, na atakuuliza ile halisi iko wapi.